Ushuhuda Uliotangulia Jibu

Ndugu zangu wa Mount Druitt, na nyinyi wa Blacktown na Lidcombe mnaopenda kusema mambo ya Mount Druitt hayawahusu, zimeni simu zenu kidogo mnisikilize. Nina habari ya nyumba moja ambayo wengi wenu mmewahi kula sombe yake ya majani ya muhogo. Sisimulii ili tucheke. Nasimulia kwa sababu kila Jumapili naona tukilirudia kosa lile lile, tena kwa makofi na vigelegele.

Nyumba yenyewe ni ya Balthazar na mkewe Faida, watu wa Bukavu, waliofika hapa Sydney baada ya miaka mingi ya kambini Uganda. Jumamosi asubuhi nyumba ile ilikuwa na amani ya kuonea wivu. Balthazar alikuwa amerudi kutoka kazini kwenye ghala la Lidcombe na kulala kwenye kochi na viatu miguuni. Faida alikuwa jikoni akikoroga sombe, mlango wa uani wazi, redio ikiimba pambio. Binti yao mkubwa, Nsimire, alikuwa akimfunga mama yake mkanda wa kupimia presha, kwa kuwa Faida alikuwa na presha na sukari kidogo, na mashavu yenye kukataa kwamba anaumwa.

Nsimire alikuwa amefika nchi hii akiwa msichana mkubwa, Kiingereza kikimpiga chenga. Alama zake za sekondari hazikumfikisha chuo kikuu. Basi akaenda TAFE, vile vyuo vya kati vya serikali, akasomea uuguzi kwa ngazi ya diploma, akaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wa Kizungu walimpenda hadi wakawa wanamwita mjukuu. Kisha akapata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha huku huku magharibi ya mji asomee shahada ya uuguzi, na wakamhesabia masomo ya TAFE, kwa hiyo hakuanzia mwanzo. Mwenye macho angeona kwamba binti huyu alikuwa amekwea mlima kwa njia ndefu lakini imara, na kilele alikuwa anakiona.

Faida hakuona hivyo. Neno TAFE lilikuwa linamkaba kooni. Kwaya ya kanisani aliyoimba ilijaa wanawake ambao watoto wao walikwenda moja kwa moja kwenye vyuo vyenye majina, nao walipouliza Nsimire anasoma wapi, Faida alijibu tu kwamba anasoma, kisha akageuza mazungumzo. Kuna mtu alimwambia kwamba huko Kensington, upande wa mashariki ya mji, kuna chuo ambacho mtu akihamia kusoma sayansi ya tiba, baadaye anaweza kujaribu udaktari. Faida alisikia udaktari. Maneno "baadaye" na "kujaribu" yalipita upande wa pili wa sikio.

Alimsukuma binti yake hadi akaomba uhamisho. Hapo, ndugu zangu, hakukuwa na ubaya wowote. Nchi hii ina milango ya kupitia pembeni, na kuhama chuo si dhambi. Nsimire aliomba huku akiendelea kuhudhuria masomo yake ya uuguzi, akisubiri jibu kama watu wenye akili wanavyosubiri.

Jibu likakawia. Jumapili moja, wakati wa shuhuda, Faida akasimama.

Mnajua tunavyofundishana kanisani kwetu. Ukiomba jambo, likiri kama umeshalipokea. Mimi sisemi imani ni mbaya, msije mkanishtaki kwa mchungaji. Ila kumshukuru Mungu kwa asichokupa bado ni jambo moja, na kuwatangazia watu kwamba amekupa ni jambo jingine, na Faida siku ile aliruka kutoka la kwanza hadi la pili bila hata kukanyaga katikati.

"Bwana asifiwe," alisema, na kitenge chake kipya kikimeremeta. "Mutoto yangu Nsimire amehama. Sasa iko Kensington, anasoma ya docteur. Nasema mbele yenu nyote, nimeshapokea."

Kanisa likalipuka. Mchungaji Bisimwa akamwita Nsimire mbele, akamwekea mikono. Nsimire alisimama pale. Aliwaona watu wanalia kwa furaha, akamwona mama yake anang'aa kama hajawahi kumwona tangu kambini, na kwenye safu ya nyuma akamwona Jacky.

Jacky alikuwa msichana wa Kikenya, muuguzi mwanafunzi, na darasani alikaa safu moja na Nsimire. Siku ya Ijumaa tu walikuwa pamoja kwenye mafunzo ya kufunga vidonda. Jacky alipiga makofi taratibu, kisha akaacha, akabaki akimtazama.

Njiani kurudi nyumbani Nsimire alimwambia mama yake kwamba jibu halijaja. Alisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa toka utotoni hakuwa na desturi ya kumpinga mama yake kwa sauti kubwa. Faida hakugombeza. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake, akamwambia kwamba kinywa kikishasema, Mungu hutenda, na kinachoharibu baraka ni mashaka. Balthazar, aliyekuwa anaendesha, alikohoa na kuongeza sauti ya redio.

Usiku ule hofu iliingia kwa Nsimire na haikutoka tena. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Alimwogopea mama yake. Jumatatu angeingia darasani, Jacky angemwona, na kabla ya jioni kanisa zima lingejua kwamba Mama Nsimire alisimama madhabahuni akasema uongo kwa jina la Mungu. Mwanamke yule alikuwa amepoteza nyumba, ndugu na nchi. Kitu pekee alichofika nacho hapa kikiwa kizima ni heshima yake, na sasa heshima hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwa Nsimire bila yeye kuulizwa.

Jumatatu alimwona Jacky kwenye kituo cha treni, akajificha nyuma ya mashine ya vinywaji mpaka treni ikaondoka. Jumanne hakwenda kabisa. Kisha Jacky akamtumia ujumbe: "Hongera dada, kumbe umetuacha. Si ungetuambia." Nsimire akausoma mara mbili. Jacky ameamini! Alichotakiwa kufanya sasa ni kuhakikisha hakuna atakayemwona tena kwenye kile chuo cha zamani, na jibu la Kensington si litakuja wiki hii au ijayo? Akafungua kompyuta, akajiondoa kwenye masomo yake ya uuguzi. Hakuomba ruhusa ya kusimama kwa muda, ambayo chuo kingempa. Hakumuuliza mshauri yeyote wa wanafunzi, na washauri wapo pale kwa kazi hiyo na kahawa wanakupa. Alijitoa kabisa, kwa kubofya.

Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wiki iliyofuata jibu lilikuja kutoka Kensington, na lilikuwa la adabu na fupi. Hawakumchukua.

Sasa niambieni, wenye mabinti, wenu angefanya nini? Msiharakishe kujibu. Nsimire alikwenda chooni, akafungua bomba ili maji yafiche kilio, akalia. Kisha akanawa uso na kumsaidia mama yake kupakua chakula.

Siku ambazo hakuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee aliendelea kuondoka asubuhi na begi la vitabu. Alipanda treni hadi mjini, akapanda tramu hadi Kensington, akakaa kwenye bustani ya chuo ambacho hakikumchukua, akiwatazama wanafunzi wakipita na vikombe vyao. Kila aliyekuja na ngozi nyeusi alimshtua. Siku moja alisikia jina lake, akageuka. Alikuwa Mutua, kijana wa Kikenya aliyepanga chumba mtaa wa jirani na kile chuo na aliyekuja kanisani kwao mara moja moja. Mutua alifurahi kumwona, akamkaribisha, akapiga naye picha. Jumapili picha ile ilikuwa imezunguka kanisa zima. Uongo uliokuwa wa mdomo sasa ulikuwa na ushahidi wa macho, na Nsimire alielewa kwamba amefungiwa ndani yake na ufunguo umetupwa.

Hapo yakaanza mabaya zaidi. Watu walimtafuta baada ya ibada. Huyu anaumwa goti, yule ana mtoto mwenye vipele, mwingine anataka kujua dawa gani anywe kwanza. Walimwita docteur, na mama yake alisimama kando akitabasamu. Nsimire aliwaambia wote waende kwa daktari wao, na wao wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Aliogopa kulala. Aliota mtu amekufa na watu wote wanamtazama yeye.

Na Faida mwenyewe alikuwa ameanza kuuamini ushuhuda wake mwenyewe. Aliacha kwenda kliniki. Aende kupanga foleni ya nini, wakati daktari analala chumba cha pili? Nsimire alipomkumbusha miadi yake, Faida alimpa mkono apime presha, akasema imetosha. Presha ilikuwa inapanda. Nsimire alimwambia inapanda. Faida akamjibu kwamba basi aishushe, si ndicho anachosomea?

Angeweza kusema ukweli pale jikoni, wakiwa wawili tu. Alifungua mdomo, hofu ikaufunga.

Jumamosi moja alasiri akina mama wa kikundi cha maombi walikusanyika nyumbani kwao. Balthazar alikuwa ghalani. Sebule ilijaa, chai ilikuwa moto, na Faida alikuwa akiongoza wimbo. Katikati ya ubeti aliacha kuimba. Alikaa. Akasema ni joto, ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia. Jasho lilimtoka usoni kwa wingi, rangi ya midomo ikabadilika, akawa anaushika mkono wake wa kushoto na taya kama mwenye jino bovu.

Nsimire alikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Alijua. Alikuwa amefundishwa dalili zile TAFE, na mara moja amewahi kuziona kwa bibi mmoja wa Kizungu kazini, na siku ile hakusita hata kidogo. Leo alisimama na sinia.

Mmoja wa akina mama alitoa simu aite ambulansi. Faida akainua mkono.

"Hapana. Ambulance ya nini? Docteur iko hapa hapa," alisema, pumzi zikikatika. "Nsimire, kuja, waonyeshe."

Vichwa vyote vikamgeukia. Na Nsimire, ndugu zangu, alifanya jambo ambalo hata leo likimjia katikati ya kazi humbidi akae chini. Hakusema kitu. Aliweka sinia mezani, akaenda kuleta maji. Akaleta mkanda wa presha, akaufunga vibaya, akaufungua, akaufunga tena. Alijiambia ni kiungulia. Alijiambia akisema ambulansi watauliza kwa nini daktari anaogopa, na swali moja litaleta jingine, na mama ataaibika mbele ya kikundi chake. Akina mama wakaanza kuomba kwa sauti. Muda ulikuwa unakwenda, na moyo wa mama yake ulikuwa unakufa kipande kwa kipande.

Aliyemwokoa ni Mama Nahimana, mjane wa Kirundi ambaye kwa kawaida haongei kwenye kikundi. Alimsogelea Nsimire, akamshika kiwiko, akamuuliza kwa upole:

"Binti yangu, kama huyu angekuwa mgonjwa wako kule kazini, wala si mama yako, sasa hivi ungekuwa unafanya nini?"

Nsimire akageuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya muuguzi.

"Pigeni sifuri tatu, ambulansi ije. Waambieni ni moyo. Fungueni mlango wa mbele, na mtu mmoja asimame barabarani." Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamlegezea nguo, akamuuliza dawa gani alikunywa leo, akamtuma mtu kabatini kuleta aspirini. Watu wa ambulansi kwenye simu wakakubali ampe, naye Faida akakaza meno.

"Siendi," Faida alisema. "Utaniaibisha mbele ya batu? Wewe ni docteur."

"Mama, mimi si docteur." Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Kensington walinikataa. Nilijitoa kule kwenye uuguzi ili usionekane mwongo. Sina chuo, mama, siendi popote, nakaa bustanini. Mimi ni muuguzi wa TAFE, na nakwambia unakufa. Tafuna hiyo dawa."

Faida alimtazama binti yake, na katika macho yake Nsimire aliona ile aibu aliyokuwa akiikimbia miezi yote. Ilikuwa imefika, na ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Mama yake akafungua mdomo, akatafuna.

Ambulansi ilikuja. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja waliingia na mashine zao, wakamuuliza Nsimire maswali, naye akawajibu yote, machozi yanamtiririka. Balthazar aliwakuta hospitalini akiwa bado na fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Alielezwa yote kwenye korido, akakaa sakafuni, mtu mzima yule, akasema kwamba siku ile garini alijua mkewe amekosea na akaongeza sauti ya redio.

Faida hakufa. Walimzibua mshipa. Lakini daktari, daktari wa kweli sasa, aliwaeleza bila kuwaficha kwamba sehemu ya moyo imekufa na haitarudi, na kwamba angefika mapema kidogo hali ingekuwa tofauti. Faida aliyekuwa akisafisha ofisi ghorofa kwa ghorofa sasa akipanda ngazi za nyumba yake hupumzika katikati. Kwaya ameiacha, pumzi haitoshi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu kifo kilimkosa kwa kidogo tu.

Nsimire naye aliomba kurudi chuo chake cha magharibi. Hawakumfukuza, lakini nafasi yake ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Ikambidi aombe upya, asubiri muhula mwingine, na baadhi ya masomo ayarudie. Jacky alimletea madaftari yake na hakumuuliza chochote. Akina mama wa kikundi, wale aliowaogopa kuliko simba, walileta chakula zamu kwa zamu hadi friji ikakataa kufunga.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Siku ya tatu hospitalini, Faida alikuwa ameondolewa mipira ya pua, anaweza kuongea. Nsimire alikuwa anamchana nywele. Alikuwa akingoja kugombezwa.

"Kule nyumbani," Faida akasema, "wakati ninaumwa, ulisimama na ile sinia. Nilikuona. Ulijua, na hukusema."

"Nilijua, mama. Nisamehe."

"Ulikuwa unaogopa nitakufa?"

Nsimire alijaribu kuitafuta njia ya kulijibu swali lile bila kumuumiza, akaikosa, na kwa mara ya pili katika maisha yake akamwambia mama yake ukweli bila kuupunguza.

"Hapana, mama. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Faida aligeuza uso wake ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mashine iliyokuwa ikimhesabia mapigo ya moyo ikaanza kulia, hadi muuguzi akaja mbio kuangalia kuna nini.

FUNZO

Ndugu zangu, wazazi kwanza. Mtoto anayekuogopa kuliko anavyoogopa kifo chako hana heshima kwako, ana woga tu, na woga hauiti ambulansi. Usimtangaze mtoto kwa kitu ambacho hajakipata. Ukimshukuru Mungu kwa imani, mshukuru chumbani kwako. Ukisimama mbele ya watu, sema kilichokwisha kuwa. Na acheni kuionea haya TAFE. Mtoto anayefika kwa njia ndefu amefika.

Nanyi vijana. Kuhama chuo kunaruhusiwa, na si aibu kuhama wala kukataliwa. Lakini usiachie nafasi uliyonayo kabla hujaishika nyingine kwa mkono. Omba kusimama kwa muda, uliza kama masomo yako ya zamani yatahesabiwa huko uendako, ongea na mshauri wa chuo hata kama Kiingereza kinakukwama. Na mzazi wako akisema uongo kwa ajili ya kukupenda, usiingie kuishi ndani yake. Mwambie siku ile ile, garini, hata kama redio inapiga kelele. Atalia, atanuna, atakataa kula, lakini moyo wake utakuwa mzima.